Kipimo cha VVU kikitoka hasi

Mtoto wa miezi minne ana nimonia isiyosikia dawa. Utando mweupe mdomoni unarudi kila ukitibiwa, anaharisha, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki haupandi. Hapa kwetu hupimwa VVU kwanza, na ni sawa kabisa. Kikitoka hasi, mara nyingi uchunguzi huishia hapo. Naomba usiishie hapo.

Wapo watoto wachache wanaozaliwa bila limfositi T, chembe nyeupe zinazoongoza ulinzi wa mwili. Kingamwili za mama huwakinga kiasi kwa miezi michache, kisha maradhi huwaandama. Wasipotibiwa, wengi hufariki kabla ya miaka miwili. Hata BCG, chanjo tunayowapa watoto wachanga, ina bakteria hai, na kwao inaweza kusambaa mwili mzima. Familia iliyokwisha kuzika mtoto mchanga kwa maambukizi yasiyoeleweka imwambie mkunga mapema, kabla ya sindano hiyo.

Tiba yao ni kupandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mwaka 1968, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, Dkt. Robert Good na wenzake walimpandikizia mtoto wa kiume uloto wa dada yake, naye akapona. Uloto huvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga wa mtoaji aliyepewa dawa ya usingizi, kisha mgonjwa huupokea kwenye mshipa kama anayeongezewa damu. Selishina, chembe zinazozaa chembe za damu, hujifikisha zenyewe ndani ya mifupa. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa kwa aina ya tishu. Asipopatikana, hata mzazi anaweza kutoa, ila limfositi zake zidhibitiwe zisimshambulie mtoto.

Muda ndio unaoamua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa kati ya waliopandikizwa kabla ya miezi mitatu na nusu, asilimia 94 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kati ya waliochelewa, wakapandikizwa maambukizi yakiendelea, waliokuwa hai ni nusu tu.

Upandikizaji si jambo la mbali tena: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawafanyia watoto wenye selimundu. Lakini kumshuku mtoto huyu kunaanzia kwenye picha kamili ya damu: limfositi zikiwa chini ya 3,000 kwa mikrolita, apelekwe kwa bingwa wa watoto. Wakati huo asipewe chanjo hai yoyote, na akihitaji damu, ipigwe mionzi kwanza, kwani limfositi za mchangiaji zinaweza kumuua.