Timor ya Mashariki: jirani wa karibu anayehitaji maandalizi ya safari ya mbali

Ndege inayoondoka Darwin hutua Dili, mji mkuu wa Timor ya Mashariki, kabla ya saa mbili kutimia. Muda huo haufikii nusu ya safari ya kutoka Darwin hadi Sydney. Hata hivyo, abiria huwa amevuka mpaka wa kimataifa, ametoka nje ya huduma za afya za Australia, na huenda ameacha nyuma haki ya kurudi ambayo hakujua kwamba ilikuwa na kikomo.

Timor ya Mashariki, ambayo jina lake rasmi ni Timor-Leste, ni nchi ya milima na pwani yenye ukubwa wa takriban kilomita 15,000 za mraba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3. Wanaokwenda huko huvutiwa na matumbawe, kahawa ya milimani na bei ya tiketi isiyolingana na ya safari ya Nairobi au Dar es Salaam. Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hapa Australia, hasa zile zilizofika kwa njia ya ukimbizi, huenda hii ikawa safari ya kwanza ya nje kwa hiari. Maandalizi yake huanza na hati.

Kabla ya kuondoka, hakikisha unaweza kurudi

Raia wa Australia hutoka na kurudi kwa pasipoti ya Australia, hata kama anayo pia ya nchi nyingine. Kwa asiye raia, jambo hili lina hatua zaidi.

Mwenye viza ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuishi Australia bila kikomo cha muda. Lakini ruhusa ya kutoka na kuingia tena, inayoambatana na viza hiyo, kwa kawaida hudumu miaka mitano tangu siku viza ilipotolewa. Muda huo ukiisha wakati mhusika yuko Australia, hakuna kinachobadilika katika maisha yake ya kila siku, na ndiyo sababu wengi hawatambui. Tatizo hujitokeza katika uwanja wa ndege wa nchi nyingine, pale mfanyakazi wa shirika la ndege anapoangalia kompyuta na kukataa kumpandisha. Anayejikuta katika hali hiyo hulazimika kuomba viza ya mkazi anayerejea, namba 155 au 157, akiwa nje ya nchi. Ni rahisi zaidi kuiomba kabla ya kuondoka. Tarehe ya kikomo inaweza kuangaliwa bila malipo katika mfumo wa VEVO wa Idara ya Mambo ya Ndani.

Anayesubiri uamuzi wa ombi lake akiwa na viza ya mpito ya aina A anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Viza hiyo hukoma mara mwenyewe anapotoka Australia. Anayetaka kusafiri na kurudi huomba kwanza viza ya mpito ya aina B, akieleza sababu ya safari, na husubiri ipatikane ndipo aondoke.

Kundi la tatu ni la wanaosafiri kwa waraka wa kusafiria wa mkimbizi badala ya pasipoti. Waraka huo hutolewa na serikali ya Australia, lakini kila nchi hujiamulia namna ya kuupokea. Haifai kudhani kwamba masharti ya viza ya uwanja wa ndege yanayowahusu wenye pasipoti yanamhusu pia mwenye waraka huu. Njia salama ni kuuliza ubalozi wa Timor ya Mashariki mjini Canberra kwa maandishi, kupata jibu la maandishi, na kulibeba safarini. Tiketi inunuliwe baada ya hapo.

Kuingia Dili

Wasafiri wengi wenye pasipoti hupata viza ya utalii ya siku 30 wanapowasili katika uwanja wa ndege wa Dili, unaoitwa kwa jina la Nicolau Lobato, mmoja wa viongozi wa mapambano ya uhuru. Ada yake ni dola 30 za Marekani, nayo hulipwa kwa fedha taslimu. Pasipoti inapaswa kuwa na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda wake, na msafiri anaweza kuombwa aoneshe tiketi ya kurudi, mahali atakapolala na uwezo wa kujikimu.

Utaratibu huo haumhusu kila anayeingia kwa barabara. Msafiri anayetoka Indonesia kupitia Timor ya Magharibi kwa kawaida hutakiwa kuwa na kibali kilichoombwa mapema. Vilevile, anayepitia Bali kwa tiketi mbili zisizounganishwa huenda akalazimika kupita uhamiaji wa Indonesia ili achukue mizigo yake, na hapo masharti ya Indonesia nayo yatamhusu.

Saa za Dili ziko nyuma ya saa za Darwin kwa nusu saa.

Fedha

Timor ya Mashariki haina noti zake. Tangu mwaka 2000 inatumia dola ya Marekani, huku sarafu ndogo za sentavo zikitengenezwa kwa ajili ya nchi hiyo pekee. Dola ya Australia haitumiki madukani. Mashine za kutolea fedha zinapatikana Dili, lakini ni chache nje ya mji, na hoteli ndogo za vijijini hazipokei kadi. Inafaa kubeba noti ndogo ndogo zilizo safi, kwa kuwa zilizochanika au kuchakaa huweza kukataliwa, na muuza ndizi kando ya barabara hatakuwa na chenji ya noti ya dola 50.

Afya

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Timor ya Mashariki kuwa nchi isiyo na malaria. Kwa wasomaji waliokulia katika maeneo ya Maziwa Makuu au pwani ya Afrika Mashariki, wanaojua uzito wa ugonjwa huo, hilo ni jambo kubwa. Halimaanishi, hata hivyo, kwamba mbu wa huko hana madhara. Homa ya dengi ipo, huongezeka wakati wa mvua, na mbu wake huuma mchana. Nguo za mikono mirefu na dawa ya kujipaka ni muhimu sawa na chandarua.

Kichaa cha mbwa kiliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini humo mwaka 2024. Aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha atafute matibabu siku hiyo hiyo bila kusubiri dalili.

Hospitali kuu ya taifa iko Dili. Wageni wanaougua sana au kuumia vibaya mara nyingi husafirishwa kwa ndege hadi Darwin, na gharama ya ndege hiyo inaweza kuitia familia katika deni la miaka mingi. Medicare haigharimii matibabu huko. Bima ya safari yenye kipengele cha kusafirisha mgonjwa ndiyo kinga, na ni vyema kusoma masharti yake kuhusu pikipiki na uzamiaji kabla ya kulipia.

Barabara, bahari na babu mamba

Msimu wa kiangazi, takriban kuanzia Mei hadi Novemba, ndio unaofaa zaidi kwa ziara. Mvua za Desemba hadi Aprili husababisha maporomoko yanayofunga barabara za milimani. Mnamo Aprili 2021 mafuriko makubwa yaliikumba Dili na maeneo mengine, yakaua makumi ya watu.

Magari hupita upande wa kushoto, kama Australia na Afrika Mashariki. Ndani ya Dili kuna mabasi madogo yaitwayo mikrolet, ambayo mtu aliyewahi kupanda daladala au matatu hatayaonea ugeni: abiria hubanana, na anayetaka kushuka hugonga sarafu kwenye bomba la chuma. Nje ya mji, safari inayoonekana fupi kwenye ramani inaweza kuchukua siku nzima, na haipendekezwi kusafiri usiku.

Kisiwa cha Atauro, kaskazini mwa Dili, hufikiwa kwa boti na kinasifika kwa wingi wa samaki wa matumbawe. Lakini si kila ufuo unafaa kuogelea. Mamba wa maji ya chumvi, wale wale wanaojulikana kaskazini mwa Australia, huishi mitoni, kwenye mikoko na pia baharini, na wameua watu. Kutokuwepo kwa bango la onyo si ushahidi kwamba mahali ni salama; wenyeji ndio wa kuulizwa.

Anayewauliza atagundua kwamba wengi hawamtaji mnyama huyo kwa chuki. Humwita Avo Lafaek, yaani babu mamba. Simulizi ya asili yao husema kwamba mvulana alimwokoa mamba mdogo aliyekuwa karibu kufa. Mamba akakua, akambeba mvulana huyo baharini, na alipokufa mwili wake ukageuka kuwa kisiwa cha Timor. Mgeni si lazima aamini simulizi hiyo, ila kuifanyia mzaha ni kuwakosea adabu wenyeji wake.

Lugha na heshima

Lugha rasmi ni Kitetum na Kireno. Kiindonesia kinaeleweka na wengi, na Kiingereza hutumika zaidi Dili. Salamu ya asubuhi ni bondia, ya mchana botarde, na ya usiku bonoite. Mwanamume hushukuru kwa kusema obrigadu, mwanamke obrigada.

Mzungumzaji wa Kiswahili atakutana na neno asilolitarajia: meza. Katika lugha zote mbili lina maana ile ile, kwa kuwa Wareno waliliacha Timor kama walivyoliacha pwani ya Afrika Mashariki. Uhusiano mwingine na Afrika ni wa karibuni zaidi. Katika miaka ya uvamizi, Msumbiji iliwapa hifadhi baadhi ya viongozi wa Timor, akiwemo Mari Alkatiri, aliyekuwa baadaye waziri mkuu wa kwanza wa taifa huru.

Wananchi walio wengi mno ni Wakatoliki. Mavazi ya staha yanatarajiwa makanisani na vijijini, na ni ustaarabu kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Mahali pa kumbukumbu

Indonesia iliivamia nchi hii tarehe 7 Desemba 1975, siku tisa baada ya chama cha Fretilin kutangaza uhuru kutoka kwa Ureno. Tume ya ukweli na maridhiano ilikadiria kwamba watu wasiopungua takriban 100,000 walikufa kutokana na mzozo uliofuata, wengi wao kwa njaa na maradhi. Katika kura ya maoni ya tarehe 30 Agosti 1999, asilimia 78.5 ya wapiga kura walichagua kujitenga, na uhuru ulirejeshwa tarehe 20 Mei 2002.

Mjini Dili, gereza la zamani la Balide sasa ni kituo cha kumbukumbu kiitwacho Chega!, neno la Kireno lenye maana ya imetosha. Makaburi ya Santa Cruz, ambako wanajeshi waliwafyatulia risasi waandamanaji tarehe 12 Novemba 1991, yangali yakitumika kwa maziko. Aliyekimbia vita anaweza kuguswa sana na mahali hapa, na si vibaya kuamua kutoingia, au kuingia akiwa na mwenzake. Wenyeji wengi wenye umri zaidi ya miaka 30 wana kumbukumbu zao wenyewe. Wasihojiwe, wakitaka kusimulia, wasikilizwe.

Siku ya kurejea

Vyakula, mbegu, vinyago vya mbao na vitu vya mimea au wanyama vitajwe vyote kwenye fomu ya kuingilia Australia. Homa ya nguruwe ya Afrika iligunduliwa Timor ya Mashariki mwaka 2019, hivyo nyama ya nguruwe isibebwe, na viatu vilivyokanyaga mashamba visafishwe. Kitambaa cha kufumwa kiitwacho tais ni zawadi isiyo na usumbufu mkubwa, na fedha yake humfikia mfumaji anapouziwa moja kwa moja.

Masharti ya viza na ada hubadilika. Taarifa za karibuni zinapatikana katika ubalozi wa Timor ya Mashariki na katika tovuti ya serikali ya Australia ya Smartraveller. Kwa asiye raia, jambo la kwanza kuangalia ni tarehe ya mwisho ya kuruhusiwa kurudi, na liangaliwe kabla ya kulipia tiketi.