Ngoma na Ukame

Ngoma haishibishi. Je, mwaka wa ukame msanii afaa nini? Tazameni Usukuma, toka Shinyanga mpaka Kalangalala ya Geita. Mvua ikichelewa, ardhi huwa ngumu, na mlimaji wa peke yake huchoka upesi. Ndipo manju huanza wimbo, ngoma hulia, na kundi zima huinua majembe kwa pigo moja. Ngoma hiyo yaitwa Bugobogobo. Kazi ikiisha, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza.

Ukame ulipopunguza mavuno ya 1973 na 1974, Tanzania ililazimika kununua nafaka nyingi ng'ambo. Msanii akiitia njaa ya namna hiyo wimboni, mtoto asiyeiona huonywa aweke akiba ghalani.