Taa ya breki haiwaki? Finya breki moja moja kabla ya kuita fundi

Kuna taa moja kwenye nduthi ambayo mwenyewe haioni akiwa njiani. Taa ya mbele ikizima usiku, utajua hapo hapo. Lakini ya breki inaweza kufa Jumatatu na ukapiga kazi hadi Ijumaa bila habari, huku matatu iliyo nyuma yako Jogoo Road ikikisia tu kama unasimama au unasonga. Mvua ikinyesha, kukisia huko kunaumiza watu, na aliye karibu na bampa ni abiria wako.

Kujua shida iko wapi hakuli hata bob. Washa ufunguo, mwambie msee wa steji asimame nyuma, au rudisha nduthi karibu na ukuta jioni. Finya breki ya mkono peke yake, achilia. Kisha kanyaga ya mguu peke yake.

Moja ikiwasha taa na nyingine ikikataa, usinunue balbu. Balbu ni poa. Shida iko kwa swichi ya ile breki iliyokataa, au waya zake. Nduthi nyingi zina swichi mbili: moja hapo kwa mkono wa breki, nyingine karibu na pedali, inayovutwa na springi ndogo. Springi hiyo hulegea au hukatika, na matope hujaa ndani. Kuirekebisha, shika swichi isizunguke, kisha zungusha nati yake pekee. Ukizungusha swichi yenyewe utakata waya. Taa inafaa iwake pedali ikianza tu kushuka. Ikikataa bado, chomoa waya mbili za swichi uziguse pamoja. Taa ikiwaka, swichi imekufa, nunua nyingine.

Breki zote mbili zikikataa, sasa fungua kioo cha taa. Usidanganywe na ile taa nyekundu ya usiku kuwaka. Balbu nyingi zina nyuzi mbili ndani, na huandikwa 12V 21/5W: wati 5 ni za usiku, wati 21 ni za breki. Uzi mmoja unaweza kukatika na mwingine uendelee na kazi. Ukinunua, beba ile ya zamani ulinganishe. Pini zake haziko usawa, kwa hivyo ikikataa kuingia igeuze, usiilazimishe.

Balbu ikiwa nzima, piga soketi msasa utoe kutu, kisha angalia waya wa negativu unaoshikana na fremu. Honi na indiketa zikiwa zimezima pia, angalia fyuzi. Weka ya ampea zile zile. Ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara si fyuzi. Shoti ikitokea, waya ndizo zitaungua.

Na taa ikiwaka muda wote? Hiyo pia ni hatari, kwa sababu aliye nyuma hawezi kujua ni saa ngapi umefinya breki. Mara nyingi swichi ya mguu imevutwa sana, au ya mkono imekwama kwa uchafu.

Wasee wa steji wanaweza kukaguana asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Ni sekunde kumi tu: mmoja anafinya, mwingine anaangalia.