Fomu ilisema asante, barua haikufika

Ijumaa jioni, Al Bidda Park. Mikeka imetandikwa, chapati zinapita mkono kwa mkono, watoto wanagombania baiskeli. Dada mmoja, mlinzi, sijawahi kumwona kabla ya siku ile, akanisalimia vizuri tu, kisha akasema: "Kumbe ni wewe wa ile tovuti? Dada, mbona hamkunijibu? Nimewaandikia mara tatu."

Nikajibu haraka haraka, kama mtu asiye na kosa, kwamba hatujapokea kitu. Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya skrini. Kimstari cha kijani, na maneno niliyoyaandika mwenyewe: "Asante! Ujumbe wako umetumwa."

Nilitamani mkeka unimeze.

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii wameshasikia kisa hiki kwa ufupi. Wengi wenu mmeandika mkiuliza mambo ya ufundi, maana inaonekana kila familia hapa Doha ina mtu mmoja "anayejua kompyuta" aliyebebeshwa tovuti ya chama, ya madrasa au ya biashara ya keki ya shangazi. Basi haya ndiyo ambayo hayakutoshea kwenye kipindi.

Kwanza swali lake, ili ujue barua ilikuwa na uzito gani. Alitaka kubadilisha mwajiri, na pale kazini ameambiwa hawezi bila barua ya ruhusa, ile NOC. Sisi tuliokulia hapa tunajua kwamba Qatar iliondoa sharti hilo kwa Sheria Namba 19 ya mwaka 2020. Unatoa taarifa kupitia mfumo wa Wizara ya Kazi: mwezi mmoja kama umefanya kazi hadi miaka miwili, miezi miwili ikizidi hapo. Ni jibu la dakika tano. Yeye alisubiri miezi minne, akaona kimya, akasaini mkataba mwingine palepale.

Usiku huohuo nikafungua tovuti. Nikajaza fomu kwa anwani yangu ya Gmail: barua ikaingia, ingawa kwenye folda ya taka. Nikajaza tena kwa anwani ya ofisini: ikaingia. Nikaanza kujifariji kwamba labda dada alikosea. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, kwa sababu fomu iliyokufa kabisa inagunduliwa siku moja, ila inayofanya kazi nusu inaweza kukudanganya mwaka mzima. Nikarudi kuangalia ile picha ya skrini. Anwani yake ilikuwa ya Yahoo, aliyofunguliwa saiba Mombasa enzi za shule.

Hiyo Yahoo ndiyo iliyokuwa ufunguo.

Barua pepe kwa asili ni mfumo wa watu walioaminiana. Kanuni zake, SMTP, aliziandika Jon Postel mwaka 1982, na ndani yake hamna mlinzi mlangoni: seva yoyote inaweza kuandika jina lolote kwenye sehemu ya "Kutoka", kama vile mimi niweke barua kwenye bahasha na kuandika nyuma kwamba imetoka kwa babu yako. Matapeli wakafurahi sana. Baadaye ndipo zikaletwa rekodi tatu. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya domeini. DKIM ni muhuri wa siri unaogongwa kwenye kila barua. DMARC ndiyo inayosema barua isiyolingana na hizo mbili ifanywe nini. Aprili 2014 Yahoo waliweka DMARC yao kwenye kiwango kikali kabisa: barua yoyote inayojiita ya Yahoo na haikutoka kwao, ikataliwe.

Sasa kosa langu. Programu-jalizi yetu ya fomu, Contact Form 7, inakuja ikiwa imepangwa vizuri: barua inatoka kwa anwani ya tovuti yenyewe, na anwani ya mgeni inakaa kwenye sehemu ya "Jibu kwa". Mimi, kwa ujanja wangu, nilibadilisha. Niliweka anwani ya mgeni kwenye "Kutoka", eti kikasha kionyeshe vizuri nani kaandika. Ilinionya kwa rangi nyekundu. Nikapuuza. Kwa hiyo dada alipoandika, seva yetu ilienda kugonga mlango wa Gmail ikijiita Yahoo. Gmail wakauliza Yahoo, Yahoo wakasema hatumjui huyu. Barua ikarudishwa, kosa 550 5.7.26. Anwani yangu ya Gmail ilipita kwa kuwa wao wenyewe hawakuwa wakali kiasi hicho, na ofisini hawajaweka DMARC yoyote.

Na lile "asante"? Fomu inaangalia kama seva imeipokea barua kaunta. Basi. Haijui kama basi liliondoka, wala kama abiria alifika.

Nikajiuliza, barua zilizorudishwa zinaenda wapi? Kwenye seva ya pamoja yenye cPanel, tovuti ikituma kwa njia ya kawaida ya PHP, zinarudi kwa jina la akaunti ya seva yenyewe, kikasha ambacho hakuna mtu anakumbuka kipo. Nikakifungua. Zilikuwa 27, na kila taarifa ya kukataliwa ilikuwa na barua yenyewe ndani. Za dada, zote tatu, ya mwisho ikiwa na "samahani kwa usumbufu". Mama aliyeuliza kuhusu darasa la Kiswahili la watoto. Mtu aliyetaka kujua namna ya kuchangia usafirishaji wa maiti, na msiba wenyewe tulishauzika zamani. Nilizisoma mpaka saa nane usiku.

Kutengeneza hakukuchukua hata saa mbili. Nilirudisha "Kutoka" iwe anwani ya domeini yetu, mgeni akarudi kwenye "Jibu kwa". Kisha nikaacha kutuma kwa PHP, nikaunganisha tovuti na akaunti halisi ya barua kwa SMTP, mlango 587, kwa nywila. Kwenye cPanel kuna ukurasa wa Email Deliverability unaokuonyesha kama SPF na DKIM zako ziko sawa. Angalia usiwe na rekodi mbili za SPF, kwani zikiwa mbili ni kama huna hata moja. Ongeza ruhusa mpya ndani ya ileile. Mwisho nikaweka DMARC yetu, ya upole kwanza.

Bado kuna suala la majirani. Seva ya pamoja ni kama zile villa za Doha zilizogawanywa kwa mbao, familia sita kwenye nyumba ya moja: anwani ya IP ni moja, na jirani akituma matangazo ya vidonge usiku kucha, jina linaharibika la nyumba nzima. Ikitokea hivyo, rekodi zako zitakuwa safi na barua zitaishia kwenye taka vilevile. Dawa ni kuwaandikia wenye seva, au kutuma kupitia huduma nyingine.

Ukimaliza, jaribu kwa anwani ya Yahoo, usijaribu kwa yako tu. Kwenye Gmail fungua barua iliyofika, chagua kuona ujumbe wa asili, utafute neno PASS mbele ya SPF, DKIM na DMARC. Halafu weka programu ya kuhifadhi kila ujumbe kwenye tovuti yenyewe. Sisi tunatumia Flamingo. Barua ikipotea njiani, nakala imebaki nyumbani. Hilo ningelifanya siku ya kwanza, yote haya yasingetokea.

Maneno ya kijani nayo nimeyabadilisha. Sasa yanasema: "Tumeupokea ujumbe wako. Usipojibiwa ndani ya siku tatu, tupigie," na namba ya simu chini yake.

Wote walioandika tuliwajibu, mmoja mmoja, kwa jina. Waliotujibu ni 11. Mmoja alisema yuko Kilifi tangu Januari, na akauliza kama darasa la watoto lipo kwa njia ya mtandao. Dada wa Al Bidda nilimpigia mwenyewe. Mkataba wake mpya una miezi mitano sasa. Tumekaa naye, tumehesabu muda wa taarifa, ni mwezi mmoja. Ataituma Jumapili akitoka zamu ya usiku.