Mbwa Jike na Wakati wa Kumhasi

Nani katika Rwamishenye asiyejua mkutano wa mbwa? Jike mmoja akiingia jotoni, madume hutoka kila kibanja, hupita kati ya migomba na kuumana usiku kucha, na mtoto aendaye shule alfajiri hana njia. Siku 63 baada ya hapo, au karibu yake, watoto huzaliwa, nao wasio na wa kuwapokea hutiwa guniani wakatupwa. Aibu hiyo ni yetu, wala si ya mbwa.

Lakini liko jambo kubwa kuliko aibu. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na karibu mara 99 katika 100 maradhi hayo hutoka kwa mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, dawa hakuna. Wako wasemao mbwa wapigwe risasi tu. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na haikuumaliza ugonjwa, kwani nafasi za waliouawa hujazwa upesi na watoto wasiochanjwa. Kinachoukata ni chanjo kwa mbwa 70 katika kila 100, na hesabu hiyo hushuka kila uzao mpya unapoongezeka. Ndiyo maana kuchanja na kuhasi majike, yaani kuwapasua na kuwatoa kizazi, haviachani.

Basi ahasiwe lini? Mbwa wetu wa kawaida afaa kuhasiwa akiwa na umri wa miezi sita hivi, kabla ya joto la kwanza. Wapo wazee wasemao aachwe kwanza azae mara moja. Kauli hiyo twaikataa kwa heshima, kwa kuwa kuzaa hakumwongezei afya. Ahasiwaye mapema hupungukiwa na hatari ya uvimbe wa matiti, ingawa wataalamu wangali wakibishana juu ya ukubwa wa faida hiyo. Na usaha wa mji wa mimba, uuao majike wengi wazee, humwepuka. Mbwa wa kigeni wenye maumbo makubwa ni shauri jingine: hao yafaa wapindukie mwaka, mifupa ikomae.

Aliyekwisha kuingia jotoni asipelekwe siku hizo, maana mishipa ya damu imejaa. Angoje miezi miwili au mitatu. Anyonyeshaye angoje watoto waache ziwa na maziwa yakauke.

Mlinzi wa usiku atauliza: je, hatakuwa mvivu? Hapana. Atanenepa akilishwa kupita kiasi, lakini ukali wa kulinda haukai katika kizazi. Gharama ndiyo kikwazo cha kweli, hasa kwa mfanyakazi wa kima cha chini. Kwa hiyo twataka Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba, siku ya chanjo, imlete pia daktari wa mifugo wa kuhasi, na wenye mbwa wa mtaa mmoja wachangiane. Majike kwanza, madume baadaye.