Ramani ya Mji na Haki ya Mwenye Nyumba

Mtu atokaye Posta kwa miguu kwenda Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, hana budi kupita Mnazi Mmoja, na aghalabu hupita bila kujiuliza kwa nini, katikati ya mji ambao kila hatua ya ardhi yake ina thamani kubwa, pameachwa uwanja mpana namna ile usiojengwa majumba. Uwanja ule uliachwa kwa makusudi. Watawala wa kikoloni waliutenga uwe mpaka baina ya mitaa ya bandarini na ya maduka, kwa upande mmoja, na mitaa ya Waafrika kwa upande wa pili, wakitoa hoja ya afya, kwamba maradhi yasivuke kutoka huku kwenda kule; na ijapokuwa hoja hiyo ilikwisha kufa zamani, mpaka wenyewe ungali juu ya ardhi, na vijana wanauchezea mpira.

Kanuni za kugawa mji kwa namna hiyo zilianza mapema. Mwaka 1891, mwaka uleule Wajerumani walipoufanya mji huu kuwa makao makuu yao, ilitolewa amri ya ujenzi iliyotaka nyumba za ufukoni ziwe za namna ya Ulaya, na nyumba za udongo na makuti zikae mbali, nyuma ya mji. Waingereza walipoirithi nchi baada ya vita vikuu vya kwanza waliendeleza mpango huo, wakaugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na maskani juu yake, ya tatu ya nyumba za wenyeji. Kanuni zao zilijiepusha kuitaja rangi ya mtu; zilitaja aina ya nyumba, vifaa vya kujengea, na nafasi baina ya ukuta na ukuta. Walakini watu waliokaa humo waliijua maana yake barabara, wakaziita kanda hizo kwa majina ambayo hata leo tunayatumia bila kufikiri: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini.

Nami nasema kwamba jambo hilo halikwisha na ukoloni. Sheria ya mipango miji ni nadra sana kumtaja mtu. Hutaja ukubwa wa kiwanja, upana wa njia, na matumizi ya jengo, kisha, kwa kutaja hayo tu, ikawa imekwisha amua ni nani atakaa wapi, na nyumba ya nani itahesabiwa kuwa milki, na ya nani itahesabiwa kuwa kizuizi.

Tuitazame nyumba ya Kariakoo ya zamani, ambayo wazee wengi wa mji huu walizaliwa ndani yake. Mbele ina baraza. Mlango ukifunguliwa unaingia ukumbi mwembamba unaopenya hadi nyuma, na kila upande wa ukumbi vyumba vitatu. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na kisima au bomba. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vingine akavipangisha, kila chumba na mpangaji wake, wote wakishirikiana uani. Na kwa kodi za vyumba hivyo wajane wengi waliwasomesha watoto wao. Ukitaka kuihukumu nyumba hiyo kwa kanuni ya mtaa wa makazi ya familia moja, utaiona ina makosa, kwa kuwa ina familia tano au sita, na barazani kuna mama auzaye vitumbua na fundi mwenye cherehani. Ukiihukumu kwa hesabu ya watu iliowasitiri kwa gharama ndogo, sioni nyumba iliyoufaa mji huu kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye milki yenyewe, maana hapa raia wengi huchanganyikiwa. Tangu Sheria ya Ardhi ya 1923 ardhi yote ya Tanganyika ilitangazwa kuwa ya umma, na mtu akapewa haki ya kuikalia, isiyozidi miaka 99. Mashamba yaliyokuwa milki huru tangu zama za Wajerumani yalibaki hivyo mpaka 1963, serikali ya uhuru ilipoyabadili, kwa kufuata fikra aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1958, kwamba ardhi isifanywe bidhaa ya mtu kujilimbikizia na kuwauzia wenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeshika msingi huohuo: ardhi ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kwa hiyo anayepewa hati miliki hapewi udongo. Hupewa muda, na ndani ya muda huo masharti, nayo yameandikwa katika hati yenyewe: kiwanja ni cha makazi, au cha biashara, au cha kiwanda. Jengo lisimame kabla ya muda fulani kupita. Matumizi yasibadilishwe bila idhini. Mtu aliyefungua gereji katika kiwanja cha makazi amevunja sharti la hati yake, hata kama nyumba aliirithi kwa babu.

Na lipo sharti moja ambalo kwa maoni yangu limewaumiza watu wengi kuliko mengine yote, yaani kipimo cha chini cha kiwanja. Katika miaka ya sabini, serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama, na vingi havikufika mita za mraba 300. Mwaka 1997 kanuni zikataka hata mitaa yenye msongamano mkubwa iwe na viwanja vya mita za mraba 400 hadi 800. Kiwanja kikubwa kina bei kubwa, na kinataka barabara ndefu zaidi, bomba refu zaidi na mpimaji wa siku nyingi zaidi, na gharama hizo zote hulipwa na mnunuzi. Mradi wa Viwanja 20,000 ulipoanzishwa mwaka 2002, mchuuzi wa samaki wa Feri hakuwa na namna ya kushindana na mwenye mshahara mnono, ilhali wakulima waliokuwa na mashamba yao pembezoni mwa mji walilipwa fidia wakasogea mbele zaidi, kwenda kufungua makazi mapya yasiyopimwa.

Huko kusikopimwa ndiko waliko wengi wa wakazi wa Dar es Salaam, na wala si kweli kwamba wanaishi bila sheria. Mauziano hufanyika barazani kwa mjumbe: muuzaji na mnunuzi huzunguka mpaka pamoja na majirani, wakitaja mwembe huu, minyaa ile, kona ya ukuta wa fulani, karatasi huandikwa, mashahidi wa pande zote mbili hutia saini, ofisi ya serikali ya mtaa hugonga muhuri. Karatasi hiyo huheshimiwa na jirani. Benki ndiyo isiyoikubali, na mchora ramani wa mji ndiye asiyeiona. Hata hivyo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Akonaay la mwaka 1994, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi nayo ni mali, inayolindwa na Katiba katika ibara ya 24, na haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Shauri lile lilihusu shamba, wala si kiwanja cha mjini. Lakini tangu siku hiyo ni vigumu kwa mtu wa serikali kusema kwamba asiye na hati hana kitu.

Tofauti baina ya nyumba inayohesabiwa milki na ile inayohesabiwa kizuizi huonekana wazi siku ya kupigwa alama za kubomolewa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na nyumba zikapigwa X za rangi mbili: nyekundu kwa aliyeifuata barabara, ambaye hubomolewa bila malipo, na kijani kwa aliyefuatwa na barabara, ambaye anastahili fidia. Kijani hicho nacho kina mateso yake. Mwenye nyumba hakatazwi kukaa, ila nani atatia bati jipya juu ya nyumba iliyohukumiwa, na nani atainunua? Mwaka 2017, katika Barabara ya Morogoro upande wa Kimara, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na majumba ya watu waliojenga kwa jasho la umri mzima yakashuka chini.

Simo katika wanaosema kanuni zote zifutwe. Wanaokaa katika bonde la Msimbazi waliona Desemba 2011 maji yakipita juu ya madirisha, na Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Njia isiyopitisha gari la zimamoto ni hatari kwa tajiri na maskini sawasawa. Ninachodai ni insafu katika vipimo: kwamba kila kanuni iulizwe inamkinga nani na madhara gani, na kiwanja kidogo kisiwe kosa kwa sababu ya udogo wake tu.

Sheria yenyewe imefungua milango miwili. Wa kwanza ni leseni ya makazi, itolewayo kwa muda usiozidi miaka 5, ambayo ni bora kuliko karatasi tupu, ingawa muda wake ni mfupi mno kwa mtu ajengaye kidogo kidogo, tofali baada ya tofali. Wa pili ni urasimishaji, ambapo mtaa mzima hupimwa kama ulivyo, na majirani hukaa wakapatana nani arudishe ua wake hatua mbili ili njia ipite. Hapo ndipo penye ugumu wote, maana njia hukata kiwanja cha mmoja na kuwafaa thelathini, na mara nyingi yule mmoja huombwa atoe kwa hiari, bila kulipwa. Nionavyo mimi, wale thelathini wanapaswa kuchanga wamfidie, na fedha hiyo iandikwe katika hesabu ya upimaji tangu mwanzo, pamoja na bei ya bikoni na ujira wa mpimaji.