Kutembea Bagamoyo kwa Miguu: Hija katika Mji wa Kale

Sisi tuishio Karatu tumezoea kuwapokea wageni. Kila asubuhi magari yao hupita kuelekea lango la Loduare na kreta ya Ngorongoro, na vijana wetu wengi hupata riziki kwa kuwaongoza. Lakini tunapokwenda Bagamoyo kuhiji, mambo hugeuka: sisi ndio wageni, nasi ndio tunaohitaji kuongozwa. Yafaa basi tueleze matembezi hayo yana nini ndani yake, na ni kwa moyo gani tuyafanye.

Matembezi huanzia Misheni, kaskazini mwa mji. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Njia yenye miembe huunganisha Misheni na pwani, ulipo msalaba unaokumbusha ujio wao. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliipiga pwani na kuiharibu Misheni, nao wakaanza kujenga upya. Katika makaburi ya wamisionari tunaona jinsi wengi wao walivyofariki wangali vijana.

Karibu na hapo umesimama mnara wa kanisa la kale. Mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapo Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza. Kiongozi mwema hamtaji Livingstone bila kuwataja Chuma, Susi na wenzao, waliomchukua mabegani kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote. Wamisionari waliwakomboa watumwa, hasa watoto, kwa kuwanunua. Nao waliokombolewa wakalelewa, wakafundishwa ufundi na kilimo, wakaoana na kuunda kijiji cha Kikristo. Hili ni tendo la huruma, nasi tunalishukuru. Hata hivyo, ukweli unatudai tuseme pia kwamba fedha za ukombozi ziliishia mikononi mwa wauzaji, na kwamba maisha ya kijijini yaliongozwa kwa sheria kali na kazi nyingi za shamba. Kusema hayo hakuivunjii Misheni heshima. Imani haihitaji historia iliyopakwa chokaa. Nao watoto wale, ambao wengi wao hatujui hata majina yao, wanastahili kukumbukwa jinsi walivyoishi kweli.

Kutoka Misheni tunaingia mjini. Tunapita Ngome Kongwe, Boma ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1897, na Caravan Serai, mahali panapokumbusha misafara ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara. Hapo kiongozi hueleza jina la mji, nalo husimuliwa kwa namna mbili: wapagazi waliofika pwani walibwaga moyo kwa maana ya kupumzika, watumwa waliokaribia kuvushwa bahari walibwaga moyo kwa maana ya kuuacha nyuma. Hatulazimiki kuchagua. Furaha ya mmoja na machozi ya mwingine vilipita katika njia ileile.

Tutembeeje basi? Kwanza, tumtafute kiongozi anayetambulika, tumlipe haki yake bila kumpunja, kama tunavyotaka vijana wetu walipwe. Pili, tuvae kwa staha na tuheshimu saa za sala za ndugu zetu Waislamu, kwa maana mji huu ni wao pia. Tatu, tusipige picha za watu bila kuomba ruhusa, wala tusifanye mzaha penye kumbukumbu ya minyororo. Nne, tuache nafasi ya kimya: makaburini, tusali kwanza ndipo tuulize maswali.

Tukirudi Karatu, tuwakumbuke vijana wetu walio katika kazi ya kuongoza wageni. Nao wameaminiwa kusimulia habari za watu: Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wamasai. Ni rahisi kumpa mgeni hadithi anayoipenda. Kumpa iliyo ya kweli, yenye sifa na majeraha yake, ni huduma kwa aliye hai na kwa marehemu pia.